Maji Niliyoyameza

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nakuambia mapema usije ukapoteza muda kumtafuta mwingine. Nilitia maji mdomoni, nikaambiwa niyapulize, nikayameza. Mtoto anayeota meno ukimwambia tema, anatema. Mimi, mtu mzima mwenye mvi na miwani ya kusomea, mtu anayelipwa kwa kujua maana ya maneno, nilimeza mbele ya watu wangu wote waliobaki duniani, na wote walikuwa wanaenea kwenye benchi moja.

Lakini nianzie Voi, maana maji hayo yalianza kuchemka huko.

Nakaa chumba kimoja upande wa stesheni ya zamani. Treni ya mizigo ikipita, kikombe changu hutetemeka mezani, nami hukiambia, "Tulia, haijakufuata wewe." Ukiishi peke yako muda mrefu unaanza kuongea na vyombo. Hiyo si shida. Shida ni siku utakayonyamaza ukingoja vijibu. Mimi sijafika hapo, ingawa kuna sufuria moja naiona kama ina jambo inataka kuniambia.

Nimepita mengi kabla ya kufika kwenye chumba hicho. Nimekuwa utingo wa lori la saruji, nimekata mkonge kule chini ya Mwatate mpaka vidole vikasahau kukunjuka, nimelinda geti la hoteli ya watalii ambako kwa usiku mmoja nilionana na tembo wengi kuliko watu. Kiingereza sikukipata darasani. Nilikiokota kama kuni, kijiti hapa, kijiti pale, na vingine vilikuwa na miiba. Siku hizi niko kwa wakili Mumo, juu ya duka la mbolea. Watu wanaingia na shida zao kwa Kiswahili, Kidawida, Kikamba au vyote vitatu, wanazimwaga mezani kwangu, na mimi naziandika kwa Kiingereza ili mahakama izisome.

Kazi hiyo imenifundisha kwamba wanaogombana hawafanani. Mtu anaketi, anajifuta jasho, anasema, "Andika hivi: tuko vitani na shemeji yangu." Ukimuuliza vita gani, unakuta shemeji alikataa kumwazima toroli. Nikiandika vita, hakimu atatafuta maiti. Kwa hiyo nauliza, napima, nachagua neno. Wakili Mumo aliniambia wiki ya kwanza, "Ambrose, ukizidisha neno hapa, mtu anaweza kulala ndani kwa ajili ya Kiingereza chako." Tangu hapo napima maneno kama muuza dhahabu, na nakiri kwamba nilianza kujisikia.

Chakula cha mchana nakula kwa Ndunge, mwenye hoteli ya mabati karibu na soko. Ana meza za watu wanne wanne, na pembeni, karibu na mtungi wa maji ya kunawa, ana kimeza kidogo chenye kiti kimoja. Hicho ndicho changu. Sikukiomba. Siku ya kwanza nilikaa hapo kwa sababu kwingine kulijaa, na siku ya pili Ndunge akanionyesha pale pale kwa kidevu, na mambo mengi maishani huamuliwa hivyo.

Wiki ya harusi yake, mchana, Wakesho akanikuta hapo. Wakesho, binti wa kaka yangu Zephaniah, ni mwalimu wa Kiingereza shule moja ya msingi kule Mwatate, na katika ukoo wetu ndiye pekee aliyekuwa bado ananipigia simu. Kawaida anapiga kuuliza neno. Safari hii alikuja mwenyewe, na vumbi la Voi limempaka viatu rangi ya matofali.

"Baba mdogo, umekonda," akasema.

"Sijakonda. Nimejipunguza ili nisimpe Ndunge kazi ya kuleta kiti kikubwa."

Ndunge alishaleta kiti cha pili na alikuwa anakipangusa kwa aproni. "Kaa, mwanangu. Hapa kwa mzee huyu sijawahi kuleta kiti cha pili. Nilidhani wewe ni askari umekuja kumkamata."

Wakesho akacheka, akaketi, akaagiza chapati na maharagwe. Kisha akaniambia darasa lake linamsumbua. Wanafunzi wanayapenda maneno, lakini wakifika kwenye maneno ya watu kutoelewana, wanayatupa yote kwenye gunia moja. Kwao kila kitu ni "fight". Baba na mama wakinuniana, "fight". Vijiji viwili vikipelekana kortini kwa ajili ya mpaka, "fight". Alitaka mifano ambayo mtoto wa kwetu hataisahau.

Hapo alinipata. Nilisukuma sahani.

"Anza na 'quarrel'," nikamwambia. "Hiyo ni kelele. Mama wawili, jogoo wa mmoja amekwaruza miche ya mwenzake. Asubuhi wanarushiana maneno mpaka wenye bodaboda wanasimama kusikiliza. Jioni mmoja anatuma mtoto kuomba chumvi, na anapewa. 'Quarrel' hailali nje."

"Hiyo wataielewa."

"'Dispute' ina karatasi. Mnabishania kitu cha kupimwa: mpaka, mfereji, shamba la marehemu. Na hasira si lazima. Watu wana 'dispute' ya miaka na Jumapili wanapokezana kitabu cha nyimbo. 'Feud' sasa, hiyo inarithiwa. Babu aliianza, baba akaitunza, mjukuu anachukia bila kujua sababu. Ina pande mbili, na kila upande unajua zamu ni ya nani."

"Na 'hostility'?"

"Hiyo unaiona kwa macho. Ukibisha hodi unafunguliwa mbwa badala ya mlango. Wakili Mumo hanikubalii kuiandika mpaka mteja aseme alitendwa nini hasa. Kutosalimiwa peke yake hakutoshi, la sivyo tungekuwa tumeshaishtaki Voi nzima."

"'Animosity'."

"Hiyo ni chuki, lakini jina lake nikilisikia nakumbuka dawa ya minyoo."

"Niletee chupa moja," Ndunge akasema kutoka jikoni, maana masikio yake hayana mlango. "Na wale tembo wanaokula mahindi yangu kule shambani, wao wana lipi na mimi?"

"Serikali inaiita 'conflict', Mama. Maana yake njia zenu zimekutana vibaya. Tembo hana ubaya na wewe. Ana njaa tu, na wewe uko kati yake na chakula."

Ndunge akafikiri. "Basi mume wangu wa kwanza alikuwa tembo."

Tulicheka wote watatu, hata na dereva mmoja wa meza ya jirani, na mimi nilijisikia vizuri kama mtu aliyekaribishwa kwake mwenyewe. Ndipo Wakesho alipokunja chapati yake mara mbili, akaiacha sahanini.

"Umeruka moja, baba mdogo. 'Grudge'."

"Kinyongo. Nilikuwa naijia."

"Na wewe na baba, ni lipi kati ya hayo?"

Nikamwambia mimi na baba yake tuna "network". Yeye yuko Mghange kwenye ukungu, mimi niko Voi kwenye jua, mitambo haisomani. Ulikuwa mzaha mzuri. Dereva wa jirani aliucheka. Wakesho hakuucheka.

"Nyanya Gertrude amesema sitoki nyumbani mpaka wewe na baba mtase," akasema. "Ijumaa, siku moja kabla ya harusi."

Kwa msomaji ambaye si wa milima yetu, nieleze kidogo. Kwetu Wadawida hasira ya ndugu haichukuliwi kama maneno tu. Ni kitu, na kinakaa ndani ya mtu kama jiwe ndani ya maharagwe, na atakayevunjika jino si lazima awe aliyepika. Unaweza kuwa mpole, humtakii mtu ubaya, unasali, lakini kile ulichokalia kimya kikamfikia mtoto asiye na hatia: ndoa ikagoma, mimba ikagoma. Kwa hiyo kabla ya jambo kubwa, wenye damu moja hukutana. Kila mmoja hutia maji mdomoni, huyapuliza hewani, husema, kama nina hasira na huyu, itoke na maji haya. Huko ndiko kutasa. Zamani walitumia pombe ya muwa. Shangazi yetu Gertrude, ambaye ana kitambaa cha chama cha akina mama wa kanisa na hukivaa hata akienda kukamua, anatumia maji safi. Mchungaji anajua, na siku hizo huwa ana safari Wundanyi.

"Wewe mwalimu mzima," nikamwambia Wakesho, "unaamini hayo?"

"Mimi naamini Yesu na Panadol," akasema. "Lakini Jumamosi nikitoka pale uani nitageuka nyuma mara moja. Nataka nione watu wawili wamesimama. Sitaki kumwona baba peke yake kama mti uliosahauliwa shambani. Nitatembea vipi na picha hiyo?"

Sikuwa na mzaha karibu. Nikamwambia nitakuja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akalipia chapati ambayo hakula, akaondoka. Ndunge alikuja kuchukua kile kiti cha pili. Alikishika mgongo, akanitazama, akakiacha palepale.

Jioni hiyo nilikaa mlangoni kwangu na chai, nikafanya kazi niliyoizoea kwa kesi za wengine. Nilijaribu maneno, moja moja, kama mtu anayejaribu makoti ya mitumba.

Lakini kwanza ujue kisa, nacho ni kifupi. Mama alipofariki, aliacha nyumba ya mabati aliyojengewa na Zephaniah, na nyuma yake jiko lake la zamani la udongo. Nyumba hakuipenda. Maisha yake yalikuwa jikoni. Kuta zilikuwa nyeusi za masizi mpaka zinang'aa, na mlango ulikuwa wa mbao, buluu, wenye msumari ambao alitundika kanga yake ya shamba. Mimi na Zephaniah tulilala hapo utotoni ukungu ukizidi. Krismasi moja nilipanda nyumbani na soda na mkate, nikazunguka nyuma, nikakuta zizi. Jiko halipo. Palipokuwa na mafiga pamesimama ng'ombe wa kizungu, ana kipande cha plastiki sikioni, anatafuna majani na kunitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

Nilifanya nini? Nilimwambia Zephaniah, "Naona mama amepata mgeni wa kudumu." Nikacheka. Tukala. Kesho yake nikateremka Voi, na Krismasi iliyofuata nikawa na kazi, na iliyofuata nikawa na homa, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza.

Basi nikajaribu maneno. "Quarrel" halikunikaa. Hatukupaaza sauti hata siku moja. "Dispute" lilinipwaya, maana shamba lina hati, kila mtu na kipande chake, na jiko lilikuwa upande wa Zephaniah. "Feud" linataka pande mbili, na kwa nilivyojua, yeye upande wake hakuwa na habari. "Hostility" ndiyo kabisa, kaka yangu hajawahi hata kumfukuza kuku kwa jiwe. Nikafika kwenye "grudge", nikalivaa, likanikaa mabegani kama nimeshonewa na fundi.

Na hapo niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote ya kuandikia watu kesi. Maneno mengine yote yanahitaji mwenzako. Hata kutukanana kunataka mtu wa kukujibu. Kinyongo peke yake ndicho mtu anaweza kukifuga akiwa amejifungia ndani, bila msaada, bila mgeni, kwa chai ya rangi. Treni ikapita. Kikombe kikatetemeka. Sikukiambia kitu.

Ijumaa nilipanda Mghange. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima Vuria na kuteremka mpaka kwenye migomba, na baridi ile ilinipiga magotini kama inanidai. Zephaniah alinipokea njiani, chini ya nyumba. Amekuwa mwembamba, na nyusi zake zimekuwa za baba kabisa. Tulishikana mikono.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani kwenu hewa inauzwa ikiwa baridi."

Akatikisa kichwa, akanichukulia mfuko. Neno lile "kwenu" lilinitoka tu. Aliliacha lipite, lakini mkono wake ulikaza mfuko.

Uani palikuwa na benchi moja. Shangazi Gertrude alikuwa ameketi katikati yake na kitambaa chake cha kanisa, ameshika kibuyu. Kulia kwake shemeji Dinah, mama yake Wakesho, mikono yake ikinuka vitunguu vya harusi. Kushoto Wakesho mwenyewe, kichwa kimefungwa, anajizuia kunitabasamia. Nyumba nzima ilikuwa na haraka ya kesho: sufuria za kukodi, viti vya plastiki vilivyopangwa juu kwa juu, maturubai. 

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na kinywa chako?"

"Nisingepata cha kukodi."

"Leo tutakitumia kwa kazi nyingine," akasema. "Zephaniah, wewe mkubwa, anza."

Zephaniah akasimama. Alitia maji kutoka kwenye kibuyu, akajaza mashavu, akayapuliza kuelekea bondeni, na maji yakatawanyika kama ukungu mwingine. Akasema kwa Kidawida, taratibu, kama mtu anayesoma maombi aliyoyajua toka utoto, "Kama nina jambo moyoni na Ambrose, litoke na maji haya. Mtoto huyu aende salama. Ambrose awe salama alipo." Akatia tena, akapuliza tena, akaketi. Ilikuwa rahisi hivyo. Hata wivu ulinishika, kuona mtu anafungua moyo kwa urahisi wa mtu anayefungua dirisha.

Nikapewa kibuyu. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yaliuma. Nilijaza kinywa, nikainua uso nipate pa kupulizia, na nyuma ya bega la Zephaniah ng'ombe akatoa kichwa juu ya mlango wa zizi.

Ulikuwa mlango wa mama. Ule wa buluu. Zephaniah alikuwa ameukata nusu, akautia bawaba mpya, na msumari wa kanga ulikuwa bado upo, umening'inizwa kamba ya kufungia ndama.

Nikameza.

Sikukusudia. Koo lilijifanyia lenyewe. Nilisikia yale maji yakishuka polepole, baridi, hatua kwa hatua, na kila mtu kwenye lile benchi aliyasikia pia. Shemeji Dinah akaweka mkono mdomoni. Wakesho akatazama mapaja yake.

"Njia ni ndefu," nikasema. "Koo lilikuwa limekauka."

Hakuna aliyecheka. Nimewahi kusema mizaha mbele ya mahabusu, mbele ya tembo, mbele ya daktari mwenye sindano, na siku zote kuna mtu hujitokeza hata kwa pua. Pale, hata ng'ombe alirudisha kichwa ndani.

"Imerudi," akasema shangazi Gertrude.

"Shangazi, ni maji tu."

"Hasira ilikuwa mlangoni inatoka, umeirudisha ndani na maji ya kuilisha."

Hapo ndipo nilipoanza kujitetea, na mtu anayejua maneno akianza kujitetea hakuna anayekunywa chai mapema. Nikamwambia shangazi kwamba kati yangu na Zephaniah hakuna ugomvi, kwa sababu ugomvi una kelele na sisi hatujapigiana kelele. Hakuna kesi, kwa sababu hakuna tunachobishania. Hakuna uadui, kwa sababu uadui lazima uonekane, mtu akutendee jambo, na mimi nikiulizwa Zephaniah kanitendea nini sina cha kuandika. Nikasema hata kwa Kiingereza, ambako wana majina mengi ya mambo haya kuliko sisi, ingekuwa vigumu kusema tuna kitu. Nilikuwa nazungumza vizuri. Nilijisikia nikizungumza vizuri.

Shangazi alinisubiri nimalize. "Nyoka akikuuma," akasema, "huwa unamuuliza jina kwanza?"

"Baba mdogo," akasema Wakesho, bila kuinua macho, "juzi ulinifundisha yote ukaacha moja."

 Zephaniah akageuka kwenye benchi akanitazama, si kwa ukali, kama anayemtazama mtu aliyemfahamu zamani na anajaribu kukumbuka wapi.

"Ambrose. Ni nini?"

Nikatazama ule mlango. "Jiko la mama," nikasema.

"Jiko?"

"Ulilibomoa. Ukaweka ng'ombe palipokuwa na mafiga. Nilipanda na mkate wa Krismasi nikakuta ng'ombe. Hukuniambia."

Uso wake haukubadilika mara moja. Ulichukua muda, kama maji yanavyochukua muda kufika mwisho wa mfereji.

"Miaka yote hii ni jiko," akasema. "Mimi nilidhani umekuwa mtu wa mjini. Dinah alisema pengine una familia huko umetuficha. Mimi nikasema hapana, Ambrose anatuonea aibu kwa sababu ya kinyesi cha ng'ombe kwenye viatu. Kila Krismasi naweka kiti. Mwaka juzi niliacha kukiweka."

"Hukuniambia, Zepha. Simu moja tu."

"Nilikupigia."

"Lini?"

"Masika ile ya mvua kubwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka, wa mbele umeinama, nilikuwa nimesimama ndani ya jiko lile na gunia kichwani, naushikilia kwa bega huku nimeshika simu. Ulikuwa hotelini, nilisikia sahani. Nikakuambia, jiko la mama linaanguka, tulijenge au tufanyeje? Unakumbuka ulichosema?"

Sikukumbuka. Kisha nikakumbuka. Niliona kile kimeza kidogo, na mwanamke fulani kwenye meza ya jirani anayecheka vizuri ambaye nilitaka acheke tena.

"Ulisema, 'Mpangishe ng'ombe, yeye angalau atalipa kodi kwa maziwa.' Watu wakacheka hapo ulipokuwa. Wewe ukacheka zaidi yao. Ukakata. Nikangoja upige tena. Nilingoja mpaka ukuta ukaniangukia begani. Nikaokoa mlango, kwa sababu nilijua unaupenda. Na kwa kuwa ulisema ng'ombe, nikanunua ng'ombe."

Ukungu ulikuwa umeingia uani sasa, na viti vya kukodi vilionekana kama watu wamechuchumaa. Wakesho alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Alikuwa anatungojea sisi wawili, harusi yake yote ikiwa pale mikononi, haina hata lita moja.

Na mimi, badala ya kukichukua, bado nilikuwa na neno. Mtu kama mimi huwa nalo daima.

"Lakini ule ulikuwa mzaha," nikasema. "Zepha, wewe ni kaka yangu, umenijua toka nikiwa sina meno. Ungejua tu kwamba ule ni mzaha."

Baada ya jibu lake nilichukua kibuyu. Nilitia maji, nikayapuliza yote, mengine yakampata Wakesho begani na shangazi kwenye kitambaa cha kanisa, na nilisema maneno yaliyotakiwa kwa Kidawida ambacho kilikuwa kimeota kutu. Jumamosi Wakesho alipogeuka nyuma alituona wawili. Hayo ni ya baadaye, nayataja nisikuache na wasiwasi. Lakini ule ubishi haukumalizwa na maji. Uliishia pale kwenye benchi, kabla sijagusa kibuyu, kaka yangu aliponitazama na kusema, bila kupandisha sauti:

"Ningejuaje, Ambrose? Tangu tumzike mama hujaniambia neno hata moja ambalo si mzaha."